Dawa ya Kufunga Mdomo

Sheffield, Uingereza
9 Januari 1994

Shangazi yangu mpenzi Bi Mwanaasha,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na majirani wote wa Temeke, pamoja na lile sufuria lako la pilau ambalo bila shaka limetembea shughuli nyingi tangu niondoke. Mimi sijambo, ila baridi. Huku mtu anavaa nguo mpaka anasahau mkono wake uko wapi. Chakula chao hakina kosa lolote, isipokuwa hakina ladha.

Umeniuliza kazi yangu hasa ni ipi, kwa sababu watu wakikuuliza unawajibu “anasoma kompyuta”, nao wanakuuliza tena, “Kwani si alikwenda kusomea dawa?” Vyote viwili ni kweli. Zamani mtu akitaka dawa alichemsha mizizi na majani, akajaribu hili, akajaribu lile, mpaka Mungu amjalie. Sisi tunaanzia upande wa pili. Tunamwangalia kwanza adui anaishi kwa kitu gani. Ndani yake kuna kitu kinaitwa kimeng'enya, na kimeng'enya kina mdomo. Kutwa nakaa mbele ya kompyuta nikiutazama mdomo ule kwa juu, kwa chini na kwa pembeni, nikitafuta kitu kidogo kitakachoingia pale kikakwama, mdomo usitafune tena.

Najua utasema nimekuandikia Kichina. Basi kwa kifupi, Shangazi, wakikuuliza waambie Najat anatengeneza dawa ya kufunga mdomo.

Nisalimie wote.

Mwanao,
Najat


Temeke, Dar es Salaam
17 Februari 1994

Kwa mwanangu Najat,

Assalaam aleykum. Sisi huku ni wazima, tumo katika Ramadhani, na joto ni lile lile uliloliacha. Jirani yangu Eufrazia, ijapokuwa ni Mkristo wa Masasi na hana deni na mtu, hakaangi samaki mchana kwa kunionea huruma. Nyumba ya pili wamenunua televisheni. Watu sasa wanafuturu mbio mbio ili wawahi mkeka wa mbele.

Barua yako ilinifikia siku tunavunja jungu. Uani kwangu wanawake wamejaa, tunachambua mchele, na mimi unanijua, barua ikitoka Ulaya siwezi kuisoma peke yangu kama mwizi. Nikawasomea. Ila niliwasomea ile “kwa kifupi” tu, maana yale marefu hata mwenyewe hayakuniingia.

Wakaacha kuchambua wote. Mmoja akasema, “Hebu isome tena hapo.” Nikaisoma tena. Eufrazia akauliza, “Ya kunywa au ya kupaka?”

Basi mwanangu, tangu siku hiyo sina raha. Kuna anayetaka ya mwenye nyumba wake. Kuna anayetaka ya wifi yake, tena kali. Mwingine anauliza kama kuna ya kumfunga mjumbe wa nyumba kumi mpaka uchaguzi upite. Yule fundi cherehani anataka ya mumewe kila mpira unapotangazwa redioni. Wote nimewajibu kwamba dawa bado iko jikoni.

Yupo mmoja tu ambaye hakuagiza. Ni yule mdogo wake mama Farhan, alikuja kutoka Kunduchi kuniletea samaki wa daku. Alimaliza sinia lake la mchele, akajitanda khanga yake, akaaga. Nadhani alikuwa na haraka.

Sasa nikwambie kama mzazi. Mimi najua wewe ni msomi. Lakini mambo ya kufunga watu si ya kuandika kwenye barua, posta ina macho. Sisi huku tumefunga midomo bila dawa yako, mpaka jua lizame.

Mchumba wako Farhan umemwandikia? Kwenye barua yako sikumwona.

Mimi shangazi yako,
Mwanaasha


Sheffield
20 Machi 1994

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na Idd njema iliyopita. Mimi Idd nimeila na Wasudani wawili na Mpakistani mmoja, tukapika wali, ukaungua, tukaula hivyo hivyo kwa furaha.

Barua yako nimeisoma nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Halafu nikaogopa.

Shangazi, mdomo ninaousema si wa mtu. Ni wa mdudu wa malaria. Mdudu yule akishaingia mwilini anakula damu, na haimezi hivi hivi, lazima kwanza aikatekate. Kimeng'enya ndicho kinachomkatia. Ukikizibia mdomo wake, chakula kimemjaa kila upande naye anakufa njaa. Hakuna uganga, na wifi za watu hawahusiki.

Taabu yetu ni kwamba kimeng'enya chenyewe hakuna aliyewahi kukipiga picha. Lakini kina ndugu yake ambaye picha yake iko miaka mingi, na ndugu huyo wewe unaye jikoni. Unakumbuka nyama ngumu za shughuli unavyozipaka papai bichi, zikalainika kabla hazijaonja moto? Basi anayelainisha ni yeye. Ndani ya utomvu wa papai kuna kimeng'enya kinachokata nyama, na mdomo wake umefanana na wa yule wa malaria kama watoto wa mtu na nduguye. Tunachukua picha ya huyu wa papai, tunabadilisha hapa na pale kwa yale tunayoyajua ya mwenzake, na kompyuta inatupa sura ya kukisia. Ni kukisia, lakini kwa hesabu.

Nakuomba uwakusanye wanawake wote waliokuwa uani siku ile uwasomee barua hii. Isome yote. Nimejizuia kuandika “kwa kifupi”.

Wasalimie majirani, na Eufrazia mwambie si ya kunywa wala si ya kupaka.

Mwanao,
Najat


Temeke
3 Mei 1994

Mwanangu Najat,

Salamu nyingi. Mvua za mwaka huu zimekuja na hasira, uani kwangu chura anaogelea. Mwenye afya yuko, mwenye mafua yuko, hakuna aliyelala.

Barua yako nimewasomea yote kama ulivyotaka. Afadhali nisingewasomea. Habari za malaria zimewapita, wameondoka na papai. Sasa hivi papai bichi Temeke halipatikani, mwenye mti pale kona ya msikiti anaulinda kwa fimbo. Fundi cherehani alimtilia mumewe utomvu kwenye chai siku ya mechi. Tumbo likamkamata mwanamume wa watu, na mdomo haukufunga hata kidogo. Alishangilia mpira akiwa chooni, mtaa mzima ukamsikia.

Mama Farhan hajambo, anakusalimu.

Nieleze kitu kimoja, kwa kutaka kujua tu, usidhani kuna sababu. Huo mdomo mnaoutafutia dawa, mnajuaje kitu gani kitakaa na kitu gani kitatemwa? Mnajaribu kimoja kimoja? Na mkikosea mnafanyaje?

Halafu mbona Farhan humtaji? Kijana ameposa, pete umevaa, na mimi mwezi wa saba mwakani nimeshausema kwa watu kuwa ndio mwezi wa harusi. Barua yako ya pili hii inakuja haina jina lake. Au mnaandikiana pembeni? Kama ni hivyo sawa, sitaki kuingilia, ila niambie.

Shangazi yako,
Mwanaasha


Sheffield
30 Julai 1994

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Jua limetoka huku, Wazungu wamevua nguo wamelala kwenye majani kama wanaoanikwa. Mimi nimeshinda ndani na kompyuta.

Umeuliza tunajuaje. Kuna orodha ya madawa ya viwandani yanayouzwa, maelfu na maelfu. Kompyuta inachukua moja, inalipeleka kwenye ule mdomo, inaligeuza, inalilaza, inalisimamisha, kisha inalipa alama kadiri lilivyokaa. Halafu linakuja linalofuata. Tukimaliza tunanunua machache yaliyoongoza na kuyajaribu kweli kweli, kwenye chupa.

Na hapo ndipo ninapolia. Kwenye kompyuta yalikaa kama yamezaliwa pale. Kwenye chupa karibu yote yametemwa. Profesa wangu akaniambia, kwa upole wake unaouma, kwamba mimi nilikuwa nautazama mdomo uliotulia, na mdomo wa kweli hautulii, unachezacheza, tena umejaa maji. Yamebaki mawili tu. Nayo hayafanani tabia. Moja linaingia, linakaa kidogo, linatoka. Jingine likishaingia halitoki tena mpaka kimeng'enya kinakufa nalo. Hilo la pili ndilo linaloogopwa, kwa sababu likiingia mdomo usiokusudiwa hakuna wa kulitoa.

Sasa na mimi nikuulize. “Mama Farhan hajambo, anakusalimu.” Shangazi, yule mama hajawahi kumsalimu mtu bila kumweleza kuhusu goti lake. Kuna nini hukuniambia?

Hilo jingine uliloniuliza nitakuandikia. Si leo.

Najat


Temeke
12 Septemba 1994

Mwanangu,

Salamu za huku ni nzuri, na leo zitakuwa nzuri zaidi, maana mambo yamekwisha ndiyo nayasema.

Mama Farhan alikuja hapa kwa miguu yake katikati ya Ramadhani, baada ya mdogo wake kumpelekea habari. Hakutaka hata kukaa. Akasema, “Mwanaasha, mie sitaki mkwe wa kufunga watu midomo. Huyo mwanao akiingia kwangu, mdomo wa kwanza kuujaribia upi? Si huu?” Pete akasema uitume kwangu, na yeye mwenyewe atatuma mtu kuichukua. Nikakaa nikisubiri huyo mtu miezi. Ndiyo maana nilikuandikia salamu za maneno machache. Sikuwa na nyingine.

Usingizi ulinipotea, nakwambia ukweli. Halafu nikasema, kumbe mwanangu anafundishwa kufunga midomo kwa hesabu, na mimi nina mmoja Kunduchi.

Nilianza na samahani. Akaitema pale pale, “Samahani ya nini, kama hamjafanya kitu?” Nikapeleka doti ya khanga, nzuri, nyekundu na nyeusi. Nilichagua rangi, maneno sikuyasoma. Kumbe maneno yake yanawasuta wanaokwenda nyumba za watu kusema! Alinirudishia kwa mkono wa dereva wa teksi, imekunjwa maneno yakiwa juu. Nikapeleka tende na sambusa. Hizo alizila zote, na akanisema huku anatafuna. Ndipo nilipopata barua yako ya mwezi wa saba, kwamba mdomo hautulii na usiutazame ukiwa umenyamaza. Nikaona kosa langu. Mimi nilikuwa nampelekea vitu vya mwanamke aliyekasirika. Lakini yule si mtu wa hasira, ni mtu wa kutaka kuonekana.

Ikaja shughuli ya harusi Kunduchi, mpishi ni mimi. Wanawake tele, mama Farhan kanipa mgongo. Mmoja akawa analalamika mtoto amemaliza klorokwini na homa haijashuka. Nikaweka mwiko chini nikasema kwa sauti ya shughuli, “Mnaniuliza mimi ninayepika? Muulizeni mama Farhan. Anayetafuta dawa mpya ya malaria kwa kompyuta Ulaya ni mkwewe. Na alimchagua tangu ni binti wa kukaanga mihogo, kabla hajajulikana atakuwa nani. Yule mama ana jicho.”

Akageuka. Akafungua mdomo wa kunikanusha. Wale wanawake wote wakawa wanamtazama yeye, wengine wameshaanza kumsogezea mkeka. Nikaliona lile neno linaingia, linageuka kidogo, linakaa. Akasema, “Jamani, sipendi kujisifu.”

Tangu siku hiyo habari nyingine hana. Anayauzia samaki mahoteli ya pwani na kuwaeleza Wazungu habari za kimeng'enya. Anakiita kimeng'emeng'e. Ameniletea samaki, changu wawili wakubwa, na kuniambia harusi tusiisogeze hata wiki moja.

Basi wewe maliza masomo uje. Nimeshasema na wapiga taarabu.

Shangazi yako mwenye furaha,
Mwanaasha


Sheffield
10 Oktoba 1994

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwenye ngazi za maktaba, nikacheka mpaka mtu akanijia kuuliza kama nimepatwa na kitu. Kisha nikakaa pale pale kwenye ngazi, maana kweli nilikuwa nimepatwa.

Sina namna ya kuizungusha. Mimi na Farhan tumeachana. Si juzi. Ni Novemba ya mwaka jana, kabla ya vunja jungu, kabla ya papai, kabla ya kila kitu. Hatukugombana. Amempenda mwalimu mmoja wa Tanga, akaniandikia kiungwana, nami nilipoisoma barua yake nikaona sikulia, nikaelewa. Tukakubaliana kila mtu amwambie mkubwa wake. Yeye amwambie mama yake, mimi nikwambie wewe. Yeye akawa anangoja nianze mimi, na mimi nangoja aanze yeye. Kila nikishika kalamu nakuona unavyokunja uso, naandika habari za vimeng'enya badala yake. Umehangaika miezi yote hiyo kushona nguo ya maiti, na maiti mimi ndiye niliyemficha.

Kuna jingine, na hili nalo nalisema leo ili nisibaki na kitu. Wamenipa kazi hapa. Miaka mitatu, nikimaliza masomo. Yale madawa mawili wanataka niendelee nayo. Sijawajibu.

Niambie unavyoona.

Najat


Temeke
18 Desemba 1994

Najat,

Salaam. Wazima.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza naandika matusi, halafu nachana. Karatasi zimeniisha, hii ya leo nimeomba kwa Eufrazia.

Farhan naye baada ya kusikia umeniambia amejikaza akamwambia mama yake. Unajua amejibu nini? Amesema, “Wewe unaweza kumwacha. Mie simwachi.” Mwalimu wa Tanga ataolewa, hilo limekwisha, lakini wewe bado anakuita mkwe mbele za watu na hataki kusikia vinginevyo. Pete pia hataki. Nilimpa lile la kuingia na kutotoka. Umenifundisha nusu, hukunifundisha namna ya kulitoa.

Sasa nikwambie la moyoni, maana wewe umesema la kwako. Sikuwa namhangaikia Farhan. Kijana mzuri, lakini anakula pilau akitenga zabibu pembeni, mtu wa namna hiyo simlilii. Nilikuwa namhangaikia kwa sababu ndiye niliyemwona ni kamba ya kukuvuta huku. Kaka yangu alipofariki nilikuchukua hujaota meno, nikakulea, nikakusomesha, siku ile uwanja wa ndege nikakuona unapita ule mlango wa kioo hugeuki. Nikasema, huyu hana cha kumrudisha ila posa. Nikaishika posa kwa mikono miwili. Na mwenye posa alishaiachia mwaka mzima.

Unaniuliza ninavyoona kuhusu hiyo miaka mitatu. Mimi ni badala ya baba yako, nikitaka kukuamrisha naweza. Sitaki. Kazi ni yako na maisha ni yako. Sitasema neno. Usiniulize tena, kwa sababu nikifungua mdomo sitaufunga.

Vaa nguo nzito.

Mwanaasha


Sheffield
29 Januari 1995

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo mara mbili. Ramadhani inaingia wiki hii na mimi nitaifunga nikifikiria uji wako wa pilipili manga.

Nianze na habari za kazi, uzisome taratibu. Yale madawa mawili tumeyatia kwenye damu yenye malaria, humo humo kwenye chupa. Moja limeshindwa. Jingine, lile la kuingia na kutoka, limewaua wadudu. Si wote, na si kwa kiasi mtu anachoweza kumeza akabaki salama. Usiwaambie Temeke kuwa dawa imepatikana, nakusihi. Itachukua miaka, pengine zaidi ya kumi, na pengine isipatikane kabisa kwa njia hii. Lakini siku ile niliitazama ile chupa nikakumbuka klorokwini chungu uliyokuwa unanificha ndani ya ndizi, nami natema ndizi na kidonge vyote. Nilifurahi, Shangazi. Sijui neno jingine.

Ile miaka mitatu nimeikataa.

Profesa alidhani hanielewi Kiingereza changu, nikarudia. Kuna mwalimu wa chuo kikuu pale Mlimani tumeandikiana tangu Novemba. Wana kompyuta moja yenye nguvu kiasi, umeme ukiwepo. Nitafanya kazi ya kutazama midomo huko, nitawatumia watu wa huku sura ninazozipata, wao watajaribu kwenye chupa zao. Itakwenda polepole. Nimekubali.

Barua yako ya Desemba nimeisoma tena na tena nikitafuta neno moja. Halimo. Mdomo wote ule, maneno yote yale, wifi na mjumbe na zabibu, na neno hilo moja tu umelizuia. Basi sikulingoja. Sirudi kwa sababu ya Farhan, na Mlimani wangeweza kuningoja mwaka mwingine. Narudi kwako. Na uwanja wa ndege siku ile sikugeuka kwa sababu ningegeuka nisingepanda.

Nitafika mwezi wa sita. Mama mkwe wangu asiyetoka, mwambie aweke samaki.

Mwanao,
Najat


Temeke
6 Machi 1995

Mwanangu Najat,

Assalaam aleykum. Idd imepita salama.

Barua yako nililetewa adhuhuri, nimo uani nachambua mchele wa shughuli ya watu. Wanawake walikuwepo, wakaniambia niwasomee. Nikaisoma kimoyomoyo mpaka mwisho. Wakasema tena, “Bi Mwanaasha, tusomee.” Nikaona wananitazama, nami nataka kusema, na hakitoki kitu. Wakaondoka mmoja mmoja, wakidhani ni msiba.

Magharibi ikanikuta hapo hapo. Eufrazia akaja na taa, akaniuliza, “Dada, mzima wewe? Tangu mchana sijakusikia sauti, nikajua umekwenda safari.” Nikampa barua. Akaisoma yote, anasoma kwa kidole, haruki mstari. Akaikunja, akanitazama, akasema, “Kumbe ile dawa ya kweli.”

Leo ndiyo nimeweza kushika kalamu, na lile neno ulilolitafuta nakuandikia, uwe nalo njiani.

Rudi.

Shangazi yako,
Mwanaasha